Mafundi wa Subaru, kila mlio kwenu ni konrodi? Mnatuuzia injini kwa kusikiliza dakika mbili!

Wakuu habari zenu, mimi sina habari nzuri, nina hasira tu. Hivi hapa Dar kuna fundi anayeweza kusikia mlio kwenye Impreza WRX asiseme "kaka hiyo imegonga konrodi, tushushe injini"? Maana gereji zote nilizopita jibu ni hilohilo, konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti kuu ya injini, na hakuna hata mmoja aliyeshika bisibisi ndefu akaigusisha kwenye bloku akaweka sikio ajue sauti inatoka wapi. Anasimama pembeni, anakunja uso, anataja milioni.

Gari ni ya 2001, ile yenye taa za duara, injini EJ205 ya turbo. Asubuhi ukiwasha ikiwa baridi inapiga tak tak tak upande wa mbele kwenye mapuli, ikishapata moto mlio unapungua mpaka unaisha. Sasa wewe unayejiita fundi wa Subaru, konrodi gani hiyo inayonyamaza injini ikipata moto? Biringi ya konrodi (kipande laini kinachoizuia isisagane na shafti) ikiisha, oil ikichemka inakuwa nyepesi, presha inashuka, kugonga KUNAZIDI. Na ukiipandisha mpaka 2500 hivi halafu ukaachia mafuta, hapo ndo inagonga mpaka aliye nje anageuka. Yangu haifanyi hivyo, nikamwambia fundi mmoja, akanijibu "we subiri utaona".

Vitu vinavyolia baridi vikanyamaza moto viko vingi jamani. Pistoni ikiwa na nafasi kidogo ndani ya silinda inapiga mpaka itanuke, na Subaru kibao zinaishi hivyo miaka na miaka. Manifoldi ya ekzosi ikiwa na ufa ni hivyohivyo, chuma kikitanuka ufa unajiziba. Kama unashuku konrodi kweli chomoa waya wa koili moja moja injini ikiwa inaunguruma, silinda yenye tatizo ukiizima mlio unabadilika hapohapo, na kazi yenyewe haiombi hata spea. Funga geji ya presha ya oil usome. Nani alifanya? HAKUNA.

Gereji moja, jina naliacha, ikachukua advansi ya injini used kabla hata ya kumwaga oil. Nilipong'ang'ania wakaimwaga, nikamulika na tochi, safi, hakuna vimetameta vya biringi iliyolika. Fundi anajitetea eti naye kakagua, kapitisha sumaku haikunasa kitu, sasa madini ya biringi yananaswa na sumaku tangu lini? Nikalazimisha filta ikatwe, karatasi ya ndani ikafunuliwa yote, hamna kitu. Unajua alisemaje? "Bado haijaanza kumwaga chuma." Yaani ushahidi ukikosekana nao unakuwa ushahidi! Halafu akanishauri niweke oil nzito ya 20W-50 na ile dawa ya kopo ili mlio upungue wakati tunasubiri injini, niendelee kutembelea tu. Oil nzito inatibu nini? Inaficha sauti, hiyo ndo kazi yake, na hivyo ndivyo magari mengi yanauzwa yakiwa mabovu watu wanalia baadaye.

Nikaondoa gari kwa breakdown nikampa kijana mwingine kazi moja tu, fungua kava za plastiki za mbele. Tenshena ya mkanda wa taimingi, yaani kifaa kinachoukaza mkanda unaoendesha valvu, ile yenye oil ndani, imelowa nje nzima, akaitoa na pini yake inazama kwa kidole gumba wakati nzima huwezi kuisukuma kwa mkono. Ndo ilikuwa inapiga. Na hapa ndo damu inanichemka, maana kwenye injini hii mkanda ukiruka meno valvu zinakutana na pistoni, zinapinda, injini inakufa kweli. Halafu mtu ananiambia niendelee kutembelea! Angeniua injini nzima kisha aniuzie yake na angesema si nilikwambia.

Tenshena mpya, mkanda na rola zake tumebadili vyote pamoja, asubuhi inawaka kimya. Lakini advansi yangu hawataki kurudisha, wanasema "mzigo umeshaagizwa", risiti ninayo, ujumbe wa simu ninao, injini hiyo hawajanionyesha hata picha.

Aliyewahi kuidai gereji Mahakama ya Mwanzo anielekeze pa kuanzia na vielelezo gani vinatakiwa, naenda wiki hii. Na kama wewe ni fundi una geji ya presha ya oil na unaitumia kabla ya kutaja bei ya injini, andika hapa uko maeneo gani, nitalipia upimaji na wenzangu wenye WRX nitawaleta.