Ekzosi ya Yamaha DT 175 ya zamani: bomba jipya limeua nguvu ya injini

Mrithi_wa_DT

Habari za jioni, wakuu. Ninayo Yamaha DT 175 aliyoiacha marehemu baba, ambaye aliitumia kwa miaka mingi akiwa bwana shamba, na tangu mwaka jana nimekuwa nikiifufua kidogo kidogo. Pistoni na ringi ni mpya, kabureta imesafishwa na plagi inatoa cheche nzuri. Ekzosi ya asili ilikuwa imeliwa na kutu tumboni hadi kidole kinapenya, kwa hiyo niliipeleka kwenye karakana moja ya hapa mjini, nao wakanichomelea bomba la unene mmoja kutoka kwenye silinda hadi nyuma, na mwishoni wakaweka sailensa ya bodaboda. Mlio ni mkubwa, lakini nguvu imekwisha: kilima ambacho baba alikipanda kwa gia ya tatu akiwa na gunia la mbegu nyuma, mimi nakipanda kwa gia ya kwanza nikiwa peke yangu. Fundi anashikilia kwamba bomba lililo wazi haliwezi kupunguza nguvu. Je, ni kweli? Na kama si kweli, mtu anaanzia wapi, maana ya dukani siipati?

Fundi_Mstaafu

Pole, mwanangu. Nadhani fundi wako amezoea injini za mapigo manne, ambazo zina valvu ya kufunga mlango wa moshi. DT yako ni ya mapigo mawili: mlango wa moshi na milango ya kuingizia mchanganyiko huwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu ya petroli mbichi hutoroka pamoja na moshi kabla haijaungua. Lile tumbo la ekzosi halikuwekwa kwa urembo wala kwa kupunguza kelele. Moshi unapotoka, hutanguliwa na wimbi la msukumo. Wimbi hilo likifika penye koni inayopanuka, hurudisha mvuto unaosaidia kuisafisha silinda, na likifika penye koni ya nyuma inayosinyaa, hurudisha msukumo unaoisindika ndani ile petroli iliyotoroka, sehemu ndogo sana ya sekunde kabla pistoni haijafunga mlango. Katika miaka ya 1950, Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, alizipa pikipiki ndogo za mashindano nguvu ya kushangaza kwa kuichimba hesabu hii hii. Bomba lako la sasa halirudishi chochote cha maana, na petroli unayoinunua inaishia barabarani.

Ile ya zamani umeitupa?

Mrithi_wa_DT

Shikamoo, mzee. Sikuitupa, ipo nyuma ya banda la kuku.

Fundi_Mstaafu

Marahaba. Basi hiyo ndiyo ramani yako. Ipasue kwa grenda kwa urefu wake, ukwangue masizi, kisha upime kipenyo cha ndani kila baada ya sentimita 5 na kuandika. Usikose kupima lile bomba jembamba la mkia: ukilifanya jembamba kupita kiasi, joto hubaki ndani na pistoni inaweza kutoboka, ukilifanya pana mno, msukumo wa kurudi unakuwa dhaifu.

Mkunja_Bati

Naungana na mzee, ila kunakili si njia pekee. Urefu unaweza kukokotolewa: zidisha nyuzi za mzunguko wa injini ambazo mlango wa moshi hukaa wazi kwa kasi ya wimbi kwenye moshi wa moto, takriban mita 500 kwa sekunde, kisha gawanya kwa mara 12 ya mizunguko ya injini kwa dakika. Kwa mfano, nyuzi 170 na mizunguko 7000 hutoa karibu mita 1.01, kuanzia usoni pa pistoni hadi katikati ya koni ya nyuma. Ukitaka nguvu ianze chini, tuseme mizunguko 6000, urefu unakuwa mita 1.18. Kwa pikipiki ya kupanda vilima, mimi ningechagua lililo refu zaidi.

Kuhusu kukata koni, watu wengi hubahatisha, ilhali hesabu yake ni ndogo. Chukua koni yenye kipenyo cha milimita 40 upande mmoja, 100 upande wa pili, na urefu wa 300. Mshazari wake ni milimita 301.5. Kwenye bati unachora tao mbili kutoka kituo kimoja, moja ya nusu kipenyo cha milimita 201 na nyingine ya 502.5, kwa pembe ya nyuzi 35.8. Anza na karatasi ya manila: kata, kunja, bandika kwa gundi ya utepe, ifunge kwenye pikipiki, kisha upige kiki na ukae kitini uone kama goti linagusa. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo, na chemba (yaani ekzosi yenye tumbo) iliyonigharimu siku nne ikaziba njia ya kiki.

Mrithi_wa_DT

Nimepata mabaki ya bati la mabati ya kuezekea. Yanafaa?

Mkunja_Bati

Hapana, kaka. Yale yamepakwa zinki, na moshi wake unapochomelea utakulaza na homa usiku huo huo. Tafuta bati jeusi la milimita 1. Umeme wa fimbo hulitoboa ovyo, kwa hiyo mtafute fundi wa gesi mwenye mkono mwepesi, ashikize kwanza kwa nukta nukta pande zote kabla ya kuunganisha, la sivyo joto litaipinda koni. Pia usiifunge chemba kwa bolti kavu kwenye fremu. Weka mpira katikati, kwa sababu mtetemo ndio unaopasua viungo.

Fundi_Mstaafu

Nyongeza moja, nayo ndiyo inayowaponza vijana. Ekzosi ikibadilika, kabureta nayo haibaki ilivyokuwa. Anza na jeti kuu (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kubwa kuliko uliyonayo, pikipiki ikohoe kidogo, kisha ushuke hatua kwa hatua. Kila mara endesha kwa gesi yote, kamata klachi, zima injini hapo hapo, ufungue plagi. Ikiwa ya kahawia, endelea. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi, usiende hata kilomita moja zaidi, kwa kuwa injini itanoki (pistoni itakwama) na zile ringi mpya utazinunua tena.

Mrithi_wa_DT

Asanteni sana. Kesho naipasua. Manila nimeshanunua karatasi sita.