Uimara wa nyuzi unapanda mchana: kosa ni la HVI (mashine ya kupima nyuzi za pamba) au la chumba?

MzaniWaPamba
Wadau wa maabara za pamba, naomba msaada. Sampuli za robota moja zikipimwa saa mbili asubuhi, HVI inatoa uimara wa gramu 28.9 kwa teksi (kizio cha unene wa nyuzi). Saa tisa alasiri, 30.6. Urefu nao unaongezeka kidogo. Maikronea (kipimo cha unene na ukomavu wa nyuzi) haisogei, 4.1 kutwa nzima. Fundi anashauri tukalibreti (turekebishe usomaji wa mashine) upya kila mchana. Ni sawa?

Nyuzi65
Hapana mkuu, msifanye hivyo, mtahamishia kosa asubuhi. Maikronea ikitulia huku uimara na urefu vikipanda pamoja, shukuni unyevu. Pamba yenye maji zaidi hukatika kwa shida, na nyuzi zake hazivunjiki sana zinapochanwa na brashi. Ndiyo maana urefu unafuata.

Chumba kiwe 21°C (±1), unyevu wa hewa 65% (±2). Kipima unyevu kikae jirani na mashine, kwenye kimo cha sampuli. Kile cha ukutani chini ya kiyoyozi kinasoma hewa isiyoigusa pamba.

Tandazeni sampuli kwenye trei zenye matundu. Bila feni ya kupitisha hewa, zipeni saa 48. Ziingie zikiwa kavu: pamba inayoshuka kutoka unyevu mwingi hubaki na maji kuliko inayofyonza, hata hewa ikiwa ile ile. Kabla ya kupima, maji yawe 6.75% hadi 8.25% ya uzito mkavu. Pamba za rejea (zenye vipimo vinavyojulikana, za kukagulia mashine) nazo zitunzwe humo humo.

MzaniWaPamba
Asante sana. Tuna kiyoyozi cha kawaida tu, kinazimwa usiku.

Kinu_na_Maabara
Hapo ndipo penye tatizo. Kiyoyozi hicho hupoza na kukausha, hakirudishi unyevu. Mnahitaji kinyunyizia unyevu chenye kidhibiti, na mfumo uwake usiku na mchana.

Ila hakikini kwanza: kila baada ya saa mbili pimeni pamba ya rejea iliyokaa chumbani siku kadhaa. Ikipanda pamoja na sampuli, chanzo ni chumba. Ikitulia, sampuli zenu hazikukaa vya kutosha na bado zinafyonza maji mezani. Taya za klampu, zinazobana nyuzi zikivutwa, sizishuku sana. Zikichakaa huachia nyuzi, urefukaji (kiasi nyuzi zinavyorefuka kabla ya kukatika) ukapanda na uimara ukashuka, kinyume cha dalili zenu.

Halafu jiungeni na majaribio ya CSITC, ya kimataifa ya kulinganisha maabara za pamba, mara 4 kwa mwaka. Kila sampuli hupimwa mara 30, sita kwa siku kwa siku tano, hivyo mtikisiko wa siku hadi siku huonekana wazi.