Naomba ushauri: deni la kadi ya mkopo linamlemea dada yangu Marekani

Habari zenu ndugu wanachama, na shikamooni wakubwa.

Dada yangu anaishi Houston na watoto wawili. Kadi yake ya mkopo ina deni la kama dola 6,400, riba asilimia 27 kwa mwaka. Alikuwa analipa vizuri mpaka kazini walipompunguzia saa. Hapo kadi ndiyo ikawa ya mafuta ya gari, chakula na dawa za mtoto. Taarifa ya mwezi, kabla hajachelewa, nimeiona mwenyewe: kiwango cha chini cha kulipa dola 208, na 144 kati ya hizo zinamezwa na riba. Deni lenyewe linapungua 64 tu. Watu husema wanaokwama ni wapenda anasa, lakini hapa anasa siioni.

Sasa amechelewa miezi miwili. Kadi ameacha kuitumia. Alipopiga simu benki walimfutia faini moja ya kuchelewa, riba wakaiacha palepale. Kuna kampuni inamshawishi asiilipe benki kabisa, pesa awape wao kila mwezi, kisha wao watapatana na benki. Hilo linanitisha sana, maana benki inaweza kumshtaki huku riba inaendelea.

Kwa mliopitia haya: mpango wa malipo kupitia washauri wa madeni wasiotafuta faida ulishusha riba kweli, na mlilazimika kufunga kadi? Na akiomba nafuu benki moja kwa moja, aulizie kitengo gani na aandae karatasi zipi?

Natanguliza shukrani.