Mawakili wanaopeleka kesi za majeruhi wa mjengo kortini wakijua zitafutwa

Wadau, nina hasira na sitaificha. Mdogo wangu ni fundi wa mawe. Mwaka jana jukwaa lilikatika kwenye mjengo mmoja huku Kilimani, Nairobi, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia vibaya. Hata kitanda cha wodi hatujapata, broka wa kumtafutia wakili wateja ashafika na karatasi. Mkono wa kulia uko kwenye plasta, akamchovya kidole gumba cha kushoto kwenye wino, eti "wakili wetu halipwi mpaka ushinde, halafu mnagawana." Makubaliano ya aina hiyo Sheria ya Mawakili haiyatambui! Na muda si muda wakili huyo huyo akadai elfu 15 za kufungua faili. Tukachanga.

Kesi akaipeleka korti ya Milimani. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007 inasema wazi kwamba majeruhi hamshtaki mwajiri wake kudai fidia. Dai linakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Sheria hiyo ilipingwa miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Juu ikakata maneno Desemba 2019: Mkurugenzi kwanza, korti baadaye kwa rufaa. Wakili anayekula kwa kesi za majeruhi hawezi kuniambia hajaisikia hukumu hiyo.

Mawakili wa kontrakta wakaweka pingamizi, kesi ikafutwa. Na dai kwa Mkurugenzi linatakiwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Miezi hiyo iliisha tukiambiwa na karani "faili iko kwa hakimu, tulieni." Tulipoenda kuuliza, wakili akataka elfu 30 za rufaa. Rufaa ya nini?

Kinachoniuma zaidi, kupeleka dai kule hakukuhitaji wakili. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7 baada ya kujulishwa. Akinyamaza, nenda mwenyewe na karatasi za daktari. Wakikuambia wewe ni kibarua tu, huna mkataba, wasikutishe, mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Mdogo wangu anazo meseji za M-Pesa za kila Jumamosi kutoka kwa foromani, hajafuta hata moja. Aliyelemaa kabisa fidia yake ni mapato ya miezi 96. Aliyelemaa sehemu anapimiwa asilimia ya hiyo. Hizo ndizo pesa alizonyimwa mtu ambaye leo mwiko unamponyoka mkononi, na ana watoto shuleni.

Nimeshaandikia Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nimeambatisha risiti na nakala ya karatasi yenye kidole. Kwa sasa nataka faili yetu yote irudishwe pamoja na ile elfu 15. Kama kuna mtu humu aliyewahi kukubaliwa dai lililopitisha miezi 12, tafadhali aniambie alitumia hoja gani.