Mjadala: Mwalimu mwenye simtanki katikati ya watu wa ndoo, afungue kufuli?

Mwl. wa Mpwapwa: Wadau, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi huku ndani kabisa wilaya ya Mpwapwa, mwaka wa nne sasa. Nimekulia Tabata, Dar es Salaam, bomba na umeme nilivikuta. Hapa nina simtanki la lita 2,000 linalokinga mvua ya bati la nyumba ya shule, nina sola, friji ndogo na kitanda cha tano kwa sita. Majirani wengi wanakaa kwenye tembe, maji wanayafuata korongoni, wanafukua mchanga hadi yatoke. Juzi mtoto wa darasa la tatu alikuja kuchukua daftari, akagusa mlango wa friji, akauliza, "Mwalimu, ndani mna mvua ya mawe?" Tangu siku hiyo silali vizuri, maana kila jioni naifunga koki ya tanki kwa kufuli. Je, ni haki kuwa na vyote hivi mbele ya wasio navyo? Simu zao nawachajia bure, ila maji naogopa.

Kaka Bandari: Dada, hilo ni jasho lako. Ukigawia kijiji kizima, siku mbili tanki kavu na wewe unaenda korongoni. Funga, lala.

Mzee wa Azimio: Ndipo tulipofika, "funga, lala". 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Aibu anayoiona binti huyu tulikuwa nayo wote, hadi 1992 kule Zanzibar ile miiko ilipozikwa.

Fundi Sola: Mimi friji hainihusu. Kilichonichoma ni hapo kwenye "nawachajia bure". Nilikuwa na kibanda cha kuchaji, shilingi 300 kwa simu, betri ya mkopo. Akaja mtumishi kijijini kwetu na moyo huohuo, akaweka ekstensheni barazani. Miezi mitatu nikafunga. Alipohamishwa aling'oa sola yake akaondoka nayo, watu wakaja kuniuliza mimi mbona hakuna chaji! Huruma yenu inakula sahani ya mtu mwingine.

Mama Pacha: Fundi, punguza ukali. Bibi anayeuza mayai mawili apate hiyo 300, naye ndiye aliyekufungia kibanda?

Fundi Sola: Huyo bibi nilimchajia kwa yai moja, na siku hana yai nilimchajia vilevile. Usinifundishe kuishi na watu, mama, nimezaliwa nao. Nyie mnakuja na mabegi.

Kaka Bandari: "Mnakuja na mabegi" ndiyo nini? Walimu wasije? Mwanao atafundishwa na betri?

Fundi Sola: Afundishwe na mwalimu anayelipa chaji kama mimi ninavyolipa mchango wa shule. Hiyo 300 yake ndiyo inayonunua mtama kwa yule bibi.

Dodoma Damu: Mzee, Azimio la Zanzibar ni 1991. Na miiko ilikuwa ya viongozi, mwalimu wa kijijini anaingiaje? Fundi nawe, REA, wale wakala wa nishati vijijini, wanaunganisha umeme kwa 27,000. Nguzo zikifika, kibanda kinakufa hata bila mwalimu.

Mzee wa Azimio: Asante kwa mwaka. Ila miiko hukuisoma vizuri: iliwabana hadi watumishi wa kati.

Fundi Sola: 27,000 ni kuunganishwa tu. Luku analipa nani? Na nyaya unazipitisha wapi kwenye tembe la udongo?

Dodoma Damu: Kuna UMETA, yaani Umeme Tayari, kifaa chenye soketi na swichi zake tayari, hahitaji kutandaza nyaya nyumba nzima. Uliza kabla ya kubisha.

Mwl. wa Mpwapwa: Fundi, umenigusa. Hapa yupo kijana anachaji karibu na mashine ya kusaga, miaka minne sijawahi kukanyaga kwake. Kesho napeleka simu yangu. Lakini maji jamani, nimeambiwa nilale tu.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, bati la nyumba yako ni dogo. Mapaa ya madarasa yanamwaga wapi mvua yake? Peleka hilo kwenye kamati ya shule kabla ya masika, na tanki liwe la shule. Kwa sasa mpe yule mtoto kikombe kila akija, na barafu aishike.

Fundi Sola: Mama Pacha, la yai bado hujanijibu.