Mjadala: Chuo kikikaa kimya baada ya tukio, turipoti kwa sekyuriti yao au twende polisi moja kwa moja?

ShiftiYaPili
Wakuu habari za jioni. Nasoma komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, hapa Marekani, madarasa ya usiku kwa sababu mchana niko kazini, na najua wengi humu mko hivyo hivyo. Wiki iliyopita mwenzangu wa darasani alifuatwa na mwanaume kuanzia mlango wa maktaba mpaka pakingi ya nyuma, kule ambako taa nusu haziwaki. Akageuza akakimbilia ofisi ya sekyuriti, wakamjazisha fomu, wakamsindikiza mpaka kwenye gari, basi. Sisi wengine hatukutumiwa imeili wala meseji. Kesho yake watu wanapaki pale pale hawajui kitu, mimi nilijua kwa sababu tunakaa meza moja. Sasa naomba tujadili, chuo kilazimike kututangazia matukio yote yanayoripotiwa, au tuachane na hizo fomu tuwe tunaenda polisi wa mji? Mimi naona ile fomu kazi yake ni kukilinda chuo tu.

MzeeWaUshauri
Poleni. Lakini mnawaonea hawa watu wa komyuniti koleji. Kule sio yunivasiti, nyingi hazina mabweni, hakuna geti, kila mtu anaingia na kutoka, maktaba yenyewe inatumiwa na watu wa mtaani. Wakitangaza kila mtu aliyemfuata mtu mtapata meseji kutwa nzima na mwisho hakuna atakayezisoma, siku likitokea la kweli watu wameshazoea kufuta. Na hizo sheria za kuripoti uhalifu ni za vyuo vyenye mabweni. Halafu niseme ambalo wengi hawapendi kusikia, mama mwenye watoto anafanya nini pakingi saa nne usiku? Kuna madarasa ya asubuhi, kuna ya kwenye intaneti. Usalama unaanza na mtu mwenyewe.

MamaPacha
Mzee shikamoo, lakini hilo la mwisho limeniuma na sitalinyamazia. Nafanya nini pakingi saa nne usiku? Natafuta gari langu nirudi kwa watoto wangu! Nasomea uuguzi, maabara ya anatomia muhula huu nafasi zilizobaki ni za jioni tu, mshauri wa masomo kaniambia asubuhi imejaa mpaka foleni ya kusubiri imejaa, na maabara ile huwezi kuifanya kwenye kompyuta. Asubuhi nawaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulea wazee ili nilipe hiyo ada. Kwa hiyo niache shule kwa sababu kuna mwanaume ameamua kusimama mlangoni maktaba? Kwa nini asiulizwe yeye anafanya nini pale usiku?

DerevaWaUsiku
Dada tusimshambulie mzee, kaongea kwa nia njema kama baba. Hata mimi binti yangu nimemkataza darasa la usiku. Dunia ilivyo ndivyo ilivyo.

MamaPacha
Umemkataza binti. Mtoto wako wa kiume umemkataza nini?

KaraniWaMuhula
Naomba kabla hili la madarasa ya usiku halijatumeza tuweke sawa jambo moja, nafanya kazi kwenye ofisi ya wanafunzi na haya makaratasi yanapita mkononi kwangu. Mzee amesema sheria ni za vyuo vyenye mabweni. Sio kweli. Sheria inaitwa ya Clery, haiangalii mabweni, inaangalia kama chuo kinapokea pesa za serikali kuu za misaada na mikopo ya wanafunzi, na komyuniti koleji karibu zote zinapokea.

Chanzo chake ni Jeanne Clery, binti wa miaka 19, alibakwa na kuuawa chumbani kwake bwenini pale Lehigh University, Pennsylvania, mwaka 1986, na aliyemuua alikuwa mwanafunzi wa pale pale. Wazazi wake wakaja kugundua chuo kilikuwa na matukio mengi ya uhalifu ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuambiwa. Wakapigana mpaka sheria ikapita 1990, mwaka 1998 ikapewa jina la mtoto wao. Kwa hiyo ShiftiYaPili, swali lako ndilo lile lile wazazi wale walilolipigania, kwamba chuo kisijue kitu kikakikalia.

Chuo kinatakiwa kila mwaka kufikia tarehe 1 Oktoba kiwe kimetoa ripoti yenye takwimu za miaka 3. Chenye polisi wake au sekyuriti yake kinatakiwa pia kiwe na daftari la uhalifu la kila siku, na tukio likiripotiwa liandikwe humo ndani ya siku 2 za kazi. Mtu yeyote ana haki ya kulisoma, hata asiye mwanafunzi, hulipi kitu na hujielezi kwa nini unalitaka. Majina hayamo, utakuta aina ya tukio, lini, eneo gani, na limefikia wapi.

MzeeWaUshauri
Bi Karani asante kwa darasa, ila sijapenda kusahihishwa kama mtoto. Nimekaa nchi hii tangu wengi wenu hamjazaliwa, nimelea watoto wamepita vyuo hivyo hivyo wakatoka salama kwa sababu walikuwa wanasikia wazazi. MamaPacha sikumaanisha uache shule. Nimesema mtu ajiangalie.

KijanaMpya
Bi Karani hapo kwenye ripoti ya mwaka ndio mnanichanganya. Mimi laptopu yangu iliibiwa maktaba, nimekwenda msalani tu nikarudi haipo, nikaripoti sekyuriti wakaandika. Ripoti ya mwaka uliofuata ilipotoka nikaisoma yote, wizi haumo kabisa, mistari imejaa sifuri tupu. Sasa wametudanganya au vipi? Ndio maana watu wanasema kuripoti ni kupoteza muda.

KaraniWaMuhula
Hawajakudanganya. Ile ripoti inahesabu makosa yaliyotajwa kwenye sheria, mauaji, ubakaji, unyang'anyi wa nguvu, shambulio la kujeruhi vibaya, kuvunja na kuingia, wizi wa gari, kuchoma moto kwa makusudi na mengine kadhaa. Wizi wa kawaida kama wa laptopu mezani haumo, labda iwe umeibiwa kwa chuki ya rangi yako au dini yako. Gari zima likiibwa linahesabiwa, wakivunja kioo wakachukua begi gari likabaki halihesabiwi. Lakini kwenye lile daftari la kila siku laptopu yako inatakiwa iwemo. Ndio maana nawaambia wanafunzi ukitaka kuijua kampasi yako soma daftari, ripoti ya mwaka peke yake inaonyesha pakingi safi wakati vioo vinavunjwa kila muhula.

DerevaWaUsiku
Sasa hiyo sheria gani inahesabu gari haihesabu laptopu ya mwanafunzi maskini? Laptopu ndio shule yenyewe siku hizi.

Mlinzi_Zamani
Nimesoma kimya lakini lile neno la "fomu kazi yake ni kukilinda chuo" limenikera. Nimefanya sekyuriti kampasi moja ya komyuniti koleji, mimi ndiye nilikuwa naandika hizo fomu. Usiku tuko wachache, kampasi kubwa, redio na tochi, huna silaha, huna mamlaka ya kumkamata mtu kama polisi. Kumsindikiza yule dada mpaka kwenye gari nyie mnaita "basi", mimi naita kazi imefanyika. Tena nimewasindikiza wengi, baridi kali, mtu hata asante hasemi.

ShiftiYaPili
Mkuu sikukutukana wewe. Nimesema fomu. Ulipoiandika ilikwenda wapi? Ndilo swali langu.

Mlinzi_Zamani
Kwa msimamizi. Zaidi ya hapo sio kazi yangu. Wakitaka tufanye zaidi watupe silaha, hilo ndilo la kujadili. Umpqua Community College kule Oregon tarehe 1 Oktoba 2015 watu 9 waliuawa na mtu mwenye bunduki, na mlinzi wa zamu alikuwa mmoja hana silaha. Polisi walifika kwa dakika chache tu na bado wale 9 walishapigwa risasi. Mnataka nikimbie kwenda kumpiga na tochi?

DerevaWaUsiku
Hapo sasa umesema. Weka polisi kamili na bunduki kila kampasi, mjadala ufungwe.

MamaPacha
Mimi sitaki bunduki zaidi pale, nataka taa. Na mwanangu mkubwa ni kijana mweusi mrefu anakuja kunichukua gari likiharibika, anakaa ananisubiri gizani pale pale pakingi. Mlinzi mwenye bunduki na hofu akimkuta pale nani atanirudishia mtoto?

Mlinzi_Zamani
Kwa hiyo sisi wote ni wauaji sasa.

MamaPacha
Sijasema hivyo kaka, usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema taa.

KijanaMpya
Mnapigana na bunduki wakati tatizo ni taarifa jamani. Virginia Tech 2007 wana polisi wao wenye silaha, watu wawili wakapigwa risasi bwenini kwenye saa moja na robo asubuhi, imeili ya kwanza kwa wanafunzi ikatoka saa tatu na dakika 26, dakika chache baadaye yule yule anaua wengine 30 kwenye jengo la madarasa. Saa mbili nzima watu wanakwenda darasani kama siku ya kawaida. Bunduki zilikuwepo, meseji ndio haikuwepo.

KaraniWaMuhula
Na baada ya hapo sheria ikaongezwa 2008, hatari ya papo hapo ikithibitishwa chuo kinatakiwa kitangaze bila kuchelewa. Kuna namna mbili, ile ya dharura, na ile ya onyo pale kosa limeshatokea lakini bado linatishia wengine. Onyo halimtaji mwathirika, kwa hiyo chuo kisijifiche nyuma ya siri ya mwanafunzi. Lakini onyo halitolewi kwa kila fomu, mzee hapo alikuwa na hoja na hamkumjibu, mmemjibu lile la saa nne usiku.

MamaPacha
Tutamjibu akishaliondoa lile la saa nne usiku.

ShiftiYaPili
Bi Karani, kufuatwa mpaka pakingi ni kosa la kuhesabiwa au sio? Nipe jibu moja kwa moja nimpelekee mwenzangu.

KaraniWaMuhula
Kuvizia na kufuatilia mtu kumo kwenye sheria tangu mabadiliko ya 2013, pamoja na ukatili wa wapenzi na wa nyumbani. Lakini maana yake kisheria ni mwenendo, matendo mawili au zaidi kwa mtu yule yule yanayomtia hofu. Mara moja tu mara nyingi haitafika. Ndio maana asiidharau ile fomu, siku akimuona tena yule mtu, hata dirishani, hata akitumiwa meseji, hilo ni la pili na la kwanza limeshaandikwa na lina tarehe. Asiporipoti la kwanza, la pili linageuka kuwa la kwanza. Aombe nakala au namba ya fomu, na aende polisi pia akitaka, moja halizuii lingine. Na hakuna wa kumlazimisha kwenda polisi kama hataki.

DerevaWaUsiku
Polisi tena? Ndugu zangu tuongee kama watu wazima, nusu yetu humu makaratasi yetu hayajakaa sawa. Ukijipeleka polisi umejitangaza. Mimi nimevunjiwa kioo nikanunua kingine nikanyamaza, na ningenyamaza tena.

KijanaMpya
Huo uoga ndio unaowalisha wezi, wanatujua hatusemi.

DerevaWaUsiku
Uoga? Wewe una familia? Una mtoto anayekutegemea? Rudi kwenye laptopu yako.

KaraniWaMuhula
Kaka Dereva hofu yako naielewa na siwezi kukuambia uipuuze, kila mtu ajue hali yake na aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla, sio na sisi. Ila mjue viwili. Fomu ya ofisi yetu haina mahali pa kuuliza uraia. Na ipo viza ya U, ya waathirika wa makosa fulani mazito wanaosaidia uchunguzi, kuvizia mtu na ubakaji vimo, na inadai cheti kutoka polisi au mwendesha mashtaka au chombo kingine cha sheria. Foleni yake ni ya miaka kwa sababu zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka, sikudanganyi, lakini asiyeripoti hata kwenye foleni hayupo. Na kama mtu anataka kuongea tu bila jina lake kwenda popote, amtafute kaunsela wa kitaalamu wa chuo, yule halazimiki kupeleka habari yako kwenye takwimu. Mwalimu wako au kocha huenda asiwe hivyo, muulize kwanza kabla hujamwaga kila kitu.

MzeeWaUshauri
Hata mimi nilikuwa sijatoka. MamaPacha, naona umeweka sharti. Mwanao akija kukuchukua gari likiharibika, si tayari umejiangalia? Ndicho nilichosema.

MamaPacha
Mzee sio hicho ulichosema. Ulisema mama mwenye watoto anafanya nini pale. Maneno yapo juu, kila mtu anayasoma.

ShiftiYaPili
Nimempelekea mwenzangu maelezo ya Bi Karani, anasema hakupewa nakala wala namba, na hakuambiwa kama kuna daftari. Jumatatu kabla ya darasa tunakwenda naye ofisini kuomba nakala na kulisoma hilo daftari la miezi miwili iliyopita. Mlinzi_Zamani, wewe unazijua hizo ofisi kwa ndani, wakisema daftari halipo tumuulize nani?

Mlinzi_Zamani
Usimuulize aliye mlangoni, huyo atakuambia hajui na kweli hajui. Muombe mkuu wa sekyuriti kwa imeili, sio kwa mdomo, ili ibaki na tarehe. Na zile taa mripoti idara ya matengenezo, sekyuriti hawabadilishi taa, tuliandika mpaka tukachoka.

MamaPacha
Jumatatu nipo. Natoka kazini saa kumi, mnisubiri.