Naomba ushauri: rafiki yangu kapata kibali cha kuwinda musi Maine, achukue bunduki gani?

Mkazi_Lewiston

Wakuu, heshima kwenu. Kuna ndugu yangu mmoja, Mkongo mwenzangu wa hapa Lewiston, jina lake limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya musi ya jimbo la Maine, Marekani. Kwa wasiomjua, musi ni jamaa ya kulungu, ila dume lake hufika kilo 450 na pembe zake ni pana kama sinia la pilau. Kuna watu wanaomba kibali hicho miaka nenda rudi bila kukipata, kwa hiyo jamaa halali kwa furaha. Kibali ni cha dume, wiki ya Oktoba, kule Aroostook mpakani na Kanada. Mimi kaniandikisha kama mwenzake kwenye kibali kwa sababu nawinda kulungu kila mwaka.

Tatizo ni bunduki. Jamaa ni mwembamba na hajawahi kumiliki silaha, ingawa kozi ya usalama ya wawindaji ameshafaulu. Dukani kaambiwa musi haanguki kwa kitu chochote kilicho chini ya .300 Winchester Magnum, kaliba ya risasi yenye nguvu na teke kubwa. Mimi natumia kaliba ndogo zaidi, .308, na naona inatosha, ila musi sijawahi kumpiga. Halafu anataka anipe hela nikamnunulie kwa jina langu, eti mimi wananijua pale dukani. Bajeti yake ni dola 900, darubini ikiwemo. Nawasilisha.

Babu_Kaliba

Huyo wa dukani anauza bunduki, hauzi nyama. Msikilize kwa adabu, kisha nunua .308 au .30-06.

Hiyo .30-06 ipo tangu 1906 na imeshaangusha musi wasiohesabika. .308 ilikuja 1952, ni fupi kidogo na teke lake ni dogo kidogo. Misitu ya kaskazini mwa Maine mara nyingi unampiga mnyama kwenye barabara za magogo au palipofyekwa miti, na mita 150 hapo ni mbali. Kwa umbali huo musi hajui tofauti ya .308 na magnum. Anayeijua ni bega la rafiki yako. Mtu mgeni akilambwa na magnum mara tatu pale uwanja wa shabaha, ya nne anafumba macho kabla hajavuta traiga. Ugonjwa huo kuutibu ni kazi.

Pesa aitie kwenye risasi. Musi ana mfupa wa bega mnene na kifua kipana, na risasi laini za kulungu zinaweza kupasukia juu juu bila kufika kwenye mapafu. Kwa .308 atafute kichwa cha uzito wa greni 165 hadi 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), kichwa kisichotawanyika: Nosler Partition, au Barnes TSX ambayo ni shaba tupu. Hiyo ya shaba inawafaa pia wanaoogopa vipande vya madini ya risasi (lead) kwenye nyama ya watoto.

Dada_wa_Sheria

Kaka, hapo kwenye "nikamnunulie kwa jina langu" simama kwanza. Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya Marekani unayojaza dukani ukinunua bunduki, inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Hela yake, bunduki yake, jina lako: ukijibu ndiyo umedanganya, na ni kosa la jinai la shirikisho hata kama yeye mwenyewe anaruhusiwa kumiliki silaha. Ukimpa zawadi ya kweli kwa hela yako ni habari nyingine.

Jamaa ana karatasi gani? Mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua mwenyewe. Lakini kama ni mtu ambaye kesi yake ya hifadhi bado inasubiri, asiguse bunduki, hata ya kuazima, mpaka aongee na mwanasheria wa uhamiaji. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu tunaazimana vitu kama chumvi, na bunduki si chumvi.

Mkazi_Lewiston

Green card anayo, dada. Basi ataenda mwenyewe, mimi nitamsindikiza tu. Asante sana.

Mswahili_wa_Umeå

Nawasalimu kutoka Sweden. Mnyama ni huyuhuyu. Huku sheria haitaji jina la kaliba, inapima risasi. Kwa musi, kichwa cha gramu 9 lazima kifike mita 100 kikiwa na nguvu ya jouli 2700, na kikiwa gramu 10 au zaidi jouli 2000 zinatosha. .308 ya greni 180 ina gramu 11 na ushee, inapita bila wasiwasi. Wazee wengi huku bado wanatumia 6.5x55, risasi ya karne ya 19 yenye teke la upole, na friza zao zimejaa.

Mimi wasiwasi wangu ni mazoezi. Jamaa asijifunze akiwa ameegemeza bunduki mezani tu, porini hakuna meza. Apige amesimama, amepiga goti, ameegemea fimbo. Huku tunafanya mazoezi ya shabaha ya musi anayekimbia kwenye reli, mita 80, na watu wazima wanatoka pale wamenuna.

Alenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi ya kwanza ya mwili kutoka chini. Na mwambie mapema: musi aliyepigwa vizuri anaweza kusimama palepale anakutazama kama vile hakuna kitu, kisha atembee hatua kadhaa ndipo alale. Mgeni hudhani amekosa. Apakie nyingine na apige tena maadamu mnyama yuko wima.

FundiBolti

Kwa dola 900: Ruger American au Savage Axis, zote za bolti, halafu chenji iende kwenye darubini nzuri. Tikka T3x ni tamu zaidi, bolti yake inateleza kama mafuta, ila itameza karibu hela yote. Darubini 3-9x40, yaani inayokuza mara 3 hadi 9, inatosha, na mkiwa msituni muiache kwenye 3, la sivyo mtaona manyoya matupu.

Kabla ya kulipa aiweke begani akiwa amevaa koti la baridi. Kitako kikiwa kirefu kwake, jicho halitafika sawasawa kwenye darubini. Na uliza kama ni mashoto, hakuna aliyeuliza.

Mtoto_wa_Kisauni

Samahani nachomeka swali. Majirani zenu Waislamu wataomba nyama hapo, tena Lewiston imejaa Wasomali. Itakuwa halali kwao?

Babu_Kaliba

Mwindaji akiwa Mwislamu, asome Bismillahi anapovuta traiga, na akimkuta mnyama bado ana uhai amchinje. Kama mpigaji si Mwislamu, muulizeni imamu wenu kabla ya Oktoba, si nyama ikiwa mlangoni.

MamaZawadi

Wanaume mmeshinda kwenye bunduki. Nyama je? Oktoba inaweza kuwa na joto mchana, na musi ana ngozi nene na mafuta, ndani anaoza haraka. Mchaneni palepale, mgawanye mapaja na mabega, masanduku ya barafu yawe tayari garini. Msimpige akiwa kandokando ya bwawa. Akifia majini mtamvuta hadi usiku.

Na maini msile, wala figo. Najua inauma. Jimbo la Maine linashauri watu wasile maini na figo za musi na kulungu kwa sababu ya kadmiamu, metali yenye sumu.

Mkazi_Lewiston

Mama, maini ndiyo aliyokuwa anayaota! Nitamwambia taratibu. Tumeamua Ruger American ya .308, na jamaa ni wa kulia. Wawili tutaweza kumtoa porini?

MamaZawadi

Hamtaweza. Tafuteni wanaume wengine wawili wenye mgongo mzima, pikapu yenye winchi na kamba ndefu. Jumapili Maine hakuna kuwinda, kwa hiyo itumieni kuzunguka kutafuta nyayo, muanze Jumatatu alfajiri. Mkimpata, mnampeleka kituo cha kuandikisha, na pale hung'olewa jino ili wataalamu wajue umri wake. Msije mkabishana nao kuhusu jino.